Swali la nyani na hesabu za Malthus

Taja mageuko mahali walipokaa watu wazima wanne, na kabla hujafika mbali mmoja atakuuliza: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani wa Manyara hawageuki? Wenzake watacheka, mada itafungwa, mazungumzo yatarudi kwenye mpira. Simlaumu aliyeuliza. Wengi wetu tulikutana na mageuko kwenye somo la historia, si la baiolojia, na tulichopewa ni mchoro: kiumbe wa kwanza kainama, wa pili kainuka kidogo, wa tatu kashika jiwe, wa mwisho kasimama wima. Chini ya mchoro kulikuwa na majina ya kukariri, Zinjanthropus, Homo habilis, Homo erectus, pamoja na Bonde la Olduvai. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Kilichobaki kichwani ni mchoro, na mchoro ule ni foleni. Ukionyeshwa foleni una haki ya kuuliza waliobaki nyuma wanangoja nini.

Naamini kama tungefundishwa kwanza wazo hili lilitoka wapi, swali la nyani lisingepata nguvu hata kidogo, kwa sababu halikuanzia kwa nyani. Charles Darwin alipotoa kitabu chake juu ya asili ya spishi, tarehe 24 Novemba 1859, binadamu alimwekea kama sentensi moja tu karibu na mwisho: kwamba mwanga utatupwa juu ya asili ya mtu na historia yake. Kurasa nyingine zimejaa njiwa, nyuki, mimea, miamba, visiwa na tembo. Na ufunguo wa mambo yote hayo aliuokota kwenye kitabu cha uchumi kilichoandikwa na kasisi, kikizungumzia maskini na mikate yao.

Kasisi huyo ni Thomas Robert Malthus wa Kanisa la Anglikana. Insha yake ilitoka mwaka 1798 bila jina la mwandishi. Miaka ile wasomi wengi wa Ulaya walikuwa na matumaini makubwa. Wafaransa walikuwa wamemwondoa mfalme, na wanafalsafa waliandika kwamba binadamu ataendelea kuwa bora mpaka ufukara uwe hadithi. Baba yake Malthus alikuwa mmoja wa waumini hao, na insha ilitokana na ubishi wa nyumbani kati ya baba na mwana. Mwana alijibu kwa hesabu. Watu wasipozuiwa na chochote, alisema, huongezeka kwa kuzidishwa: 1, 2, 4, 8, 16, wakiwa maradufu kila baada ya miaka 25 kama ilivyokuwa ikitokea Amerika Kaskazini. Chakula huongezeka kwa kujumlishwa: 1, 2, 3, 4, 5. Endelea hivyo karne mbili na robo na utakuwa na watu 512 kwa kila chakula 10. Kwa kuwa dunia haijawahi kufika huko, lazima kuna kitu kinachopunguza: njaa, maradhi, vita, au watu kuchelewa kuoa.

Malthus mwenyewe simpendi sana. Hesabu zake alizitumia kupinga misaada kwa maskini wa Uingereza, na kuhusu binadamu alikosea: hakuona mashine zinakuja, wala mbolea ya viwandani, wala kwamba wanawake wakipata nafasi ya kuamua wenyewe huzaa wachache. Lakini swala halimi shamba. Samaki hachelewi kuoa ili amalize kwanza kujenga. Kwao hesabu ya Malthus inafanya kazi bila huruma, na Darwin aliliona hilo mara moja.

Aliisoma insha hiyo tarehe 28 Septemba 1838, akiwa na miaka 29, karibu miaka miwili tangu arudi kwenye safari yake ya kuzunguka dunia kwa meli ya Beagle. Wakati huo alikwishaamini kwamba spishi hubadilika. Kwenye daftari alilolianza Julai 1837 alichora mti mdogo wenye matawi, na juu yake akaandika maneno mawili ya Kiingereza ya mtu asiye na uhakika, "I think", yaani nadhani. Wala hakuwa wa kwanza kuamini hivyo. Babu yake, Erasmus Darwin, alikuwa ameandika mambo ya namna hiyo, na Mfaransa Lamarck alitoa nadharia nzima mwaka 1809, mwaka aliozaliwa Darwin: mnyama hutumia kiungo, kiungo hukua, watoto hurithi. Kwamba viumbe hubadilika lilikuwa limesemwa. Kilichokosekana ni kitu kinachowabadilisha, tena kwa njia inayowafanya wafae pale wanapoishi.

Darwin alijaribu hesabu hiyo kwa tembo, kwa sababu alihesabiwa kuwa mnyama anayezaa polepole kuliko wote. Alichukulia kwamba tembo huanza kuzaa akiwa na miaka 30 na huendelea mpaka 90, na katika muda huo wote jozi huleta watoto sita tu. Toleo la kwanza la kitabu lilisema kwamba baada ya miaka 500 jozi moja ingekuwa tembo milioni 15. Wasomaji wakamwambia hesabu haikai sawa, akairudia, na toleo la mwisho linasema karibu milioni 19 baada ya miaka 740 hadi 750. Hata kwa hesabu iliyosahihishwa, tembo wawili wa zama za Kilwa ilipostawi wangetosha kuijaza Tanzania, na majirani wasingepona. Hawakuijaza. Maana yake ni kwamba waliozaliwa na waliofika utu uzima ni idadi mbili tofauti kabisa, na kati ya idadi hizo mbili kuna vifo vingi.

Sasa ongeza jambo ambalo kila mfugaji analijua, kwamba watoto wa tumbo moja hawafanani. Mmoja ana mdomo mnene kidogo, mwingine anavumilia kiu. Kama wengi wanakufa, na kama tofauti ndogo zinaamua walau mara moja moja nani afe na nani azae, basi kizazi kinachofuata hakitakuwa nakala ya kilichotangulia. Hakuna anayejitahidi kugeuka. Twiga hanyooshi shingo ili mtoto wake awe na shingo ndefu. Darwin aliuita uchaguzi asilia, nao hauna mbele wala nyuma, una waliobaki tu. Kwa hiyo nyani wa Manyara hayuko nyuma yetu kwenye foleni yoyote. Yuko kwenye tawi lake, anaishi vizuri kwenye miti ile, na hana deni la kuwa mtu.

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu unaosema haya yote yaliibwa kwa al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 9 aliyeandika Kitabu cha Wanyama. Al-Jahiz anastahili kusomwa. Alieleza vizuri mno jinsi mnyama anavyotoka kutafuta mdogo wake wa kula huku mkubwa wake akimtafuta yeye. Ila kuona kwamba wanyama hulana na kuona kwamba kulana huko kunaumba spishi mpya ni mambo mawili, na katikati yake palihitajika kitu ambacho Basra haikuwa nacho: miaka.

Wakristo wengi wa Ulaya walihesabu umri wa dunia kwa vizazi vya Biblia. Askofu mkuu James Ussher wa Ireland alifikia mwaka 4004 kabla ya Kristo, na tarehe hiyo ilichapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza kwa vizazi kadhaa. Miaka 6,000 haitoshi kuumba hata kidole kwa njia ya Darwin. Waliopasua ukuta huo ni wanajiolojia. James Hutton wa Scotland aliangalia tabaka za mawe mwaka 1788 na akasema haoni dalili ya mwanzo wala matarajio ya mwisho. Charles Lyell, katika miaka ya 1830, alishikilia kwamba milima na mabonde yameletwa na nguvu zilezile tunazoziona leo, mvua, mito, volkano na matetemeko, zikipewa muda wa kutosha. Juzuu la kwanza la Lyell Darwin alisafiri nalo.

Ukweli wa Lyell aliuonea Chile. Tarehe 20 Februari 1835 alikuwa amejinyoosha msituni karibu na Valdivia wakati ardhi ilipoanza kuyumba chini yake. Meli ilipofika Concepción wiki mbili hivi baadaye mji ulikuwa kifusi. Kisichosahaulika katika maelezo yake, kwangu mimi, ni kome. Kwenye kisiwa cha Santa María, kome walikuwa bado wameng'ang'ania mawe yao, wameoza, wananuka, kama mita tatu juu ya mahali maji yalipokuwa yanafika sasa. Bahari haikushuka, ardhi ndiyo iliyopanda, kwa siku moja. Na juu kabisa milimani Andes alikuta magamba ya viumbe wa baharini ndani ya mwamba. Mita tatu leo, mita tatu nyingine wakati mwingine; ukitaka kufika kilele cha Andes kwa mwendo huo inabidi uikubali dunia iliyo kongwe kupita kipimo.

Kuna mtu mwingine ambaye vitabu vya shule humruka. Kabla ya Beagle, kabla ya Cambridge, Darwin alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, akashindwa. Alimwona mtoto akipasuliwa bila dawa ya usingizi, maana haikuwapo bado, akatoka mbio na hakurudi tena. Huko Edinburgh, mwaka 1826, alijilipia masomo kwa John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Demerara, kwenye Guyana ya leo. Edmonstone aliishi kwa kuhifadhi ndege: unamchuna ndege bila kuharibu manyoya, unaondoa nyama na ubongo, unatia dawa ya kuzuia wadudu, unajaza na kushona. Saa moja kila siku, kwa miezi miwili, kwa ada ya ginia moja, fedha ya zamani ya Uingereza. Uzeeni Darwin alimkumbuka kuwa mtu wa kupendeza na mwenye akili, ambaye alizoea kukaa naye. Hakulitaja jina lake. Jina limetafutwa na wanahistoria.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya kilichotokea baadaye. Mwezi Januari 1837 mtaalamu wa ndege John Gould aliziangalia ngozi alizoleta Darwin kutoka visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, na kugundua kwamba ndege ambao Darwin aliwadhania ni wa jamii mbalimbali, kwa sababu midomo yao haikufanana, wote walikuwa wa ukoo mmoja. Darwin hata hakuwa ameandika vizuri kila mmoja katoka kisiwa gani, ikabidi awaombe wenzake wa melini makusanyo yao. Ngozi zingeoza njiani Gould angeangalia nini? Tukitaja Galápagos tutaje na somo la Edmonstone.

Baada ya Malthus, Darwin alikaa kimya miaka 20. Muhtasari aliuandika 1842, insha ndefu 1844, akaziweka. Mwaka huohuo wa 1844 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba kusema spishi hubadilika ni kama kukiri kuua. Halafu akachunguza vidudu vya baharini vinavyoganda kwenye matumbo ya meli kwa miaka minane. Halafu njiwa.

Njiwa nawapenda kuliko sehemu nyingine yote ya kisa hiki. Kuanzia 1855 muungwana huyu tajiri na mgonjwagonjwa alijenga banda nyumbani kwake Down, akajiunga na vilabu vya wafuga njiwa wa London, akawa anakaa nao kwenye baa huku wakibishana urefu wa mdomo wa ndege. Watu hao walikuwa na njiwa anayejaza pumzi kooni mpaka kichwa hakionekani, njiwa anayepinduka hewani kama sarakasi, na njiwa wa mkia wa upepeo mwenye manyoya 30 mpaka 40 ya mkia, wakati njiwa wa kawaida ana 12 au 14. Ungewapeleka kwa mtaalamu wa ndege bila kumwambia ni njiwa wa kufugwa, angewatangaza spishi mbalimbali. Darwin alishikilia kwamba wote wametoka kwa njiwa mwitu wa majabali. Akachukua mweupe wa mkia wa upepeo na mweusi wa aina nyingine akawazalisha; watoto wakatoka na mabaka ya kahawia na weusi. Akawazalisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe. Mjukuu mmoja akatoka wa buluu, kiuno cheupe, mistari miwili myeusi kwenye bawa: rangi ya njiwa wa majabali, kutoka kwa babu mweupe na bibi mweusi.

Kama mkono wa mfugaji unaweza kufanya haya kwa miaka michache kwa kuchagua nani azae, vifo vya Malthus vingefanya nini kwa miaka ya Lyell? Swali hilo ndilo sura ya kwanza ya kitabu. Mhariri mmoja aliyepewa mswada auonee, Whitwell Elwin, alimshauri mchapishaji kwamba Darwin aache mengine na aandike kitabu cha njiwa tu, maana kila mtu anapenda njiwa. Huwa nacheka, halafu najiuliza kama hakuwa na busara ya kibiashara.

Sasa Alfred Russel Wallace. Aliacha shule akiwa na miaka 14 kwa kukosa fedha, akafanya kazi ya kupima ardhi, akajifundisha mimea na wadudu mwenyewe. Malthus alimsoma kwenye maktaba ya mji wa Leicester. Aliishi kwa kukusanya wadudu na ndege na kuwauza London. Miaka minne aliyofanya kazi Amazon ilipotea karibu yote mwaka 1852, meli aliyopanda ilipoungua katikati ya Atlantiki na yeye akakaa siku kumi kwenye mashua. Miaka miwili baadaye alikuwa safarini tena, kwenye visiwa vya Wamalay, akisaidiwa na kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali, ambaye alipiga shabaha, alichuna ngozi, alipika na alimuuguza.

Februari 1858 alikuwa pande za Ternate, visiwa vya Maluku. Huko ndiko asili ya mkarafuu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ni vitukuu vya miti ya huko. Homa ya vipindi ilimshika. Alikuwa amelala, amejifunika mablanketi kwa baridi, huku kipimajoto kikionyesha nyuzi 31, na kwa kuwa hakuweza kufanya lolote alikuwa anafikiri. Akamkumbuka Malthus. Akajiuliza kwa nini wengine wanakufa na wengine wanaishi, na jibu likaja kabla homa haijashuka. Jioni ileile akaanza kuandika, jioni mbili zilizofuata akamaliza, akaipeleka insha kwa meli ya barua. Akaipeleka kwa nani? Kwa Darwin, akimwomba, kama inafaa, amwonyeshe Lyell.

Ilifika Down mwezi Juni. Darwin alimwandikia Lyell kwamba hajapata kuona mambo mawili yakigongana hivyo. Hata kama Wallace angekuwa na muhtasari wake wa 1842 mkononi, asingeweza kuufupisha vizuri zaidi. Lyell na Hooker wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja kwenye Jumuiya ya Linnaeus, chama cha wanasayansi wa viumbe, London, tarehe 1 Julai 1858. Darwin hakuhudhuria, alikuwa amefiwa na mtoto wake mchanga kwa homa siku tatu kabla. Wallace alikuwa upande wa New Guinea na hakuna aliyemuuliza. Rais wa jumuiya, Thomas Bell, alipotoa taarifa ya mwaka alisema haukuwa mwaka wa ugunduzi wa kushtua.

Je, Wallace alidhulumiwa? Adabu ilivunjwa, hilo nalisema bila kusita. Insha ya mtu haisomwi hadharani bila idhini yake, tena ikapangwa ya mwisho. Ila mwenyewe hakulalamika, na kitabu chake cha 1889 alikiita "Darwinism". Kwangu jambo kubwa zaidi ni lile kasisi aliloliunganisha. Watu wawili, mmoja mwenye banda la njiwa na mwingine kwenye blanketi la homa, walisoma mwandishi yuleyule wa uchumi na wakatoka na jibu lilelile. Uingereza ya viwanda na njaa ndiyo iliyowafundisha wote wawili kutazama msitu kwa jicho la hesabu.

Darwin alirudi kwa binadamu mwaka 1871, na hapo alikisia kwamba wahenga wetu wa mwanzo pengine waliishi Afrika, kwa sababu sokwe na gorila, jamaa zetu wa karibu, wako huku. Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mwaka uleule kitabu cha asili ya spishi kilipotimiza miaka 100. Hapo ndipo kitabu chetu cha historia kilipoanzia, kwenye ukurasa wa mwisho wa kisa.

Mfano ambao ningeuweka darasani badala ya mchoro ni wa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya akitafuta chembe za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 katika baadhi ya makabila alikuwa amebeba jeni hiyo. Kwenye nyanda za juu na maeneo makavu, hata 1 kati ya 100 hakufika. Jeni inayoua watoto ingepaswa kupungua kila mahali kwa kasi ileile, lakini huku ilikuwa imejaa. Allison aliangalia ramani ya malaria akapata jibu, na mwaka 1954 akalichapisha: aliyerithi jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja huwa mzima, na malaria kali humshinda kwa shida. Aliyerithi mbili huugua selimundu. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, kila mimba wanayopata ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, na nafasi 2 kati ya 4 za kuleta mtoto ambaye mbu wa Malindi au Kisumu atamwonea kwa taabu. Kwa vizazi vingi waliofikia umri wa kuzaa pwani walikuwa wengi zaidi wa kundi hilo la kati. Panda mpaka Nyeri, ambako baridi humfukuza mbu, na jeni hiyohiyo haina faida yoyote ya kulipia hasara yake. Ndiyo maana Allison aliikuta kwa nadra sana huko.